Kiungo cha Pili

Asubuhi, kabla halijapata moto, husema: taf, taf, taf,
kama mtu anayekung'uta kanga mbichi mlangoni.
Likishapata moto hunyamaza.
Ndiyo maana mafundi watatu waliniambia nasikia vitu:
nilikuwa nawafikia saa tano, nimeshatoka nalo Tabata.

Mwinshehe peke yake alisema: Liache hapa lilale.
Liamkie mikononi mwangu.

Basi saa kumi na mbili na robo, Gerezani,
maduka ya vipuri bado yamefumba macho,
nimesimama nyuma ya Pijo ya marehemu baba
na tambara lililolowa.
"Ziba," sauti inatoka uvunguni.
Naziba. Pumzi inanisukuma kiganja,
vuguvugu, haikubali kukatazwa, kama ndama atafutaye titi,
na huko chini Mwinshehe anapaka povu la sabuni
kiungo hadi kiungo, anangoja.

"Huyu hapa."
Povu linatoa jicho, linapasuka, linatoa jingine.
Si kwenye manifodi, walikoniuzia gasketi wale wa kwanza,
si kwenye sailensa, walikochomelea wale wa pili.
Ni chini ya miguu ya dereva,
bomba linaposhikana uso kwa uso na bomba.

Boliti ni mbili. Hazitaki.
Anazinywesha mafuta ya taa, anaagiza chai ya rangi, anairudia kazi.
Moja inakubali. Moja inakatika kwa mlio wa mfupa,
naye hatukani. "Haya," anaiambia, "nimekusikia."
Anachukua msumeno.

Ndani, kati ya uso na uso, kuna bati.
Pete ya kopo, imekatwa kwa mkasi,
matundu yametobolewa kwa msumari,
kingo zimekunjwa zisimkate mtu.
Na pale palipotakiwa boliti ya tatu
waya wa hanga la nguo, umesokotwa mara saba,
umekatika juzijuzi tu.

"Hii si kazi ya fundi," anasema,
analigeuzageuza kwenye mwanga.
"Lakini aliyeifanya alikuwa na adabu."

Baba yangu alikuwa mhasibu.
Mashati meupe, kucha safi kama punje za mchele.
Gari langu, alikuwa akisema, haligusi mtu ila wakala,
nasi tuliamini, hata miaka ile ya foleni za sukari,
wakala mwenyewe alipokuwa hana balbu dukani.
Mama alitafuta hanga la suti ya Idi,
akamshuku dobi, akabadilisha dobi.

Sasa namwona: usiku, vesti, tochi mdomoni,
mkasi wa cherehani ya mama
(ndiyo maana ulikuwa butu!),
mgongo kwenye saruji, kutu ikimdondokea kopeni,
kisha limau, hadi viwikoni,
kabla hatujaamka tukamwona ana mikono.

Mwinshehe anakata gasketi mpya kwa kugonga:
karatasi juu ya chuma, nyundo ndogo, tok tok tok ukingoni,
chuma chenyewe kinachora umbo lake.
Boliti tatu. Anakaza huku nusu, kule nusu, huku tena.
"Ukimaliza upande mmoja kwanza, unavuja wa pili.
Hata mirathi, dada, iko hivyo."
Sikuwa nimemwambia kwamba kaka zangu wanataka liuzwe.

Lile bati alilitupa kwenye pipa. Nililiokota.

Nikawasha. Kimya,
kimya hadi nikasikia sarafu inabiringika chini ya kiti,
Barabara ya Uhuru yote, Buguruni, mpaka nyumbani,
sarafu ya nani, sijui.

Kesho yake jioni jirani yangu Kondo alinisubiri barazani.
"Leo asubuhi hukuwasha gari? Nimechelewa kazini."
"Niliwasha," nikamjibu.
Akalitazama kama mtu aliyeibiwa
na hajui aseme kimekwenda nini.